Mguu wa Moshi

Roda Nambeye, binti Yonasi Simbeye. Yonasi ndiye aliyekwenda utengatenga katika vita vya Wajerumani na Waingereza, akabeba masanduku ya risasi kichwani miaka miwili, akarudi na miguu yake yote miwili wakati wengi hawakurudi na hata mmoja. Yonasi alikuwa mwana wa Ndele Simbeye, mfua chuma, ambaye majembe yake yalilima pande zote mbili kabla Wazungu hawajachora mpaka katikati yetu. Na mke wa Ndele alikuwa Nalwimba, aliyeficha mbegu ya ulezi ndani ya ngoma askari walipokuja kuchukua vyakula, kisha akaipiga ngoma ile ile wakacheza. Askari mmoja akasema, "Mama, ngoma yako ina kikohozi." Nalwimba akamjibu, "Hata mimi ninacho, baba. Kijiji kizima kinakohoa." Wakaondoka upesi.

Huo ndio ukoo. Roda alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu Fanueli. Kwetu mwanaume wa ukoo huitwa Simbeye na mwanamke Nambeye, kwa hiyo yeye na mimi tuliitwa jina moja, na alipoita "Nambeye!" uani nilijua ananiita mimi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujiita mwenyewe.

Naandika habari zake kwa sababu ya neno moja. Leo ukienda Tunduma, ukamletea mtu habari kwamba sukari itapanda au mpaka utafungwa, atakuuliza, "Mguu uko wapi?" Hata vijana wanaobadilisha kwacha wanalisema, na wengine hudhani ni habari ya mguu wa mtu. Si mguu wa mtu. Ni mguu wa moshi, na aliyeuleta ni shangazi yangu, na ulimgharimu.

Kitongoji chetu cha Ipata kilikuwa mgongoni mwa kilima, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tunduma, ambayo siku hizo ilikuwa maduka matatu na vumbi. Tulilima ulezi kwa majivu. Mwezi wa sita wanaume walipanda juu ya miti ya miyombo wakakata matawi, wanawake tukayabeba na kuyarundika katikati ya shamba, yakakaa kukauka hadi mwezi wa kumi. Halafu yakachomwa, na katika majivu yale mbegu ikamwagwa mvua ya kwanza ikinyesha. Ukichoma siku yake, ulezi unasimama kifuani. Ukichoma mapema, matawi hayajakauka ndani, yanaungua ngozi tu, na upepo wa mwezi wa tisa unakula majivu kabla mvua haijayaona.

Kwa hiyo siku ya kuchoma haikuwa ya mtu kujiamulia. Mwene wetu, yaani chifu, alibaki upande wa Rhodesia baada ya mpaka kuchorwa, lakini sisi tuliendelea kumsikiliza yeye. Alipoona siku imefika aliwasha moto juu ya kilima cha Kalongo. Sisi tukiuona moshi ule, tunawasha wetu. Na kwa kuwa Ndele alikuwa mfua chuma, mtu wa moto, kazi ya kuungojea moshi wa mwene ilikuwa ya nyumba ya Simbeye. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kichuguu kikubwa kuliko kibanda, na mngojeaji alikaa juu yake.

Mwaka wa 1924 Yonasi alishikwa na homa mwezi wa tisa. Akamwita Roda, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akamwambia, "Panda kichuguuni mpaka nitakapoinuka. Ukiona moshi wa mwene, piga kelele." Hakumwambia zaidi ya hapo. Yeye mwenyewe alikuja kulikiri hilo baadaye.

Siku ya nne Roda aliona moshi. Haukuwa moshi wa kuota wala wa kubuni. Ulikuwa mnene, wa kijivu, umesimama upande wa Kalongo kabisa. Alisimama akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Moshi! Moshi wa mwene!" Wanaume walishangaa kidogo, maana ilikuwa mapema. Mzee Mbonile Siwale, mkuu wa kitongoji, alikuna kidevu. Lakini moshi waliuona hata wao, na nani atataka kuwa wa mwisho kumtii mwene? Wakawasha. Kufikia saa tisa mchana Ipata yote ilikuwa imeungua.

Kesho yake akapita mtu akitokea upande wa pili, akawakuta wamekaa wanafurahi. Akauliza, "Ninyi mmechoma kwa amri ya nani? Mwene bado hajawasha."

Sitaki kuwachosha na kelele za siku ile. Upepo ulivuma juma zima, na majivu yetu yakaenda kurutubisha mashamba ya watu tusiowajua.

Yonasi alipoweza kusimama hakumpiga Roda. Watu walimsubiri ampige; hakumpiga. Alikata fimbo ya kutembelea, akamwambia, "Twende tukautafute moshi wako." Walitembea siku mbili. Upande wa kushoto wa Kalongo, mbele zaidi, walikuta kundi la vibarua wakifyeka mpaka, njia nyeupe iliyonyooka kama kamba, na kando yake marundo ya miti iliyokwisha kuchomwa.

Nyapara wao akauliza, "Mmekuja kuomba kazi?"

"Hapana," Yonasi akasema. "Tumekuja kuona mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa moshi."

Vibarua wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yonasi hakuwajali. Aliuchukua mkono wa Roda akauzamisha kwenye majivu yaliyopoa.

"Ni nini hiki?"

"Majivu, baba."

"Ni ya uongo?"

"Ni ya kweli."

"Basi dunia haikukudanganya, mwanangu. Ilikuonyesha moshi wa kweli. Wewe ulitazama kichwa chake, na kichwa cha moshi huenda popote upepo unapokipeleka. Hukuuliza mguu wake umesimama wapi. Na mimi sikukufundisha kuuliza. Kosa hili tunalibeba wawili."

Walirudi. Njaa ikaja mwezi wa pili, kama ilivyotarajiwa. Mama yake Roda, Ketrina, alikuwa akimpa Fanueli sehemu yake ya uji na kusema ameshiba. Alipolala asiweze kuinuka, kila asubuhi alimwita Roda mlangoni: "Nje kuna nini? Niambie unachokiona tu." Roda akamwambia: kuna umande, kuna kuku mmoja, kuna mama Tuntufye anapita na mtungi. Mama alisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Asubuhi moja Roda alisema hayo yote na hakuna aliyeitikia.

Nyumba nyingi zilizika mwaka ule. Aida, aliyekuwa mke kijana wa jirani, alizika mtoto wake wa kwanza.

Nimeishi miaka mingi na nimeona jinsi shida moja inavyoingia katika nyumba kumi na kutoka na mafundisho kumi. Njaa ile ile ilimfundisha Aida kwamba watu wote ni waongo isipokuwa chungu chake. Mzee Mbonile ilimfundisha kwamba mtoto asikabidhiwe kitu. Baba yangu Fanueli, mpaka anakufa mtu mzima mwenye kahawa yake, hakumaliza chakula kwenye sahani; alibakiza tonge moja, na ukimuuliza alisema, "La kesho." Kila mtu huamini amejifunza dunia ilivyo, kumbe amejifunza mwaka mmoja tu wa dunia.

Na Roda? Roda alibaki na vitu viwili ambavyo havikupatana. Kimoja ni maneno ya baba yake, kwamba dunia haidanganyi. Kingine ni hofu, kwamba kinywa chake kinaua. Akaamua kuishi kwa kile cha kwanza na kukifunga kile kinywa. Hakupanda tena kichuguuni. Hakutamka habari yoyote ambayo hajaigusa kwa mkono. Ukimwambia mvua imenyesha Itaka, alinyamaza. Ukimwambia kuku ametaga, alikwenda kulishika yai.

Watu wa Ipata hawakumwonea huruma. Watoto walimfuata kisimani: "Roda, eti jua limetoka?" Na Aida, kila alipompita, hata awe na mzigo kichwani: "Jamani nipisheni njia, asije akaona vumbi langu akachoma nyumba."

Lakini msidhani alikuwa mnyonge. Sikilizeni jinsi alivyoolewa. Wachumba walikuwa wawili. Amoni alikuwa ametoka kuchimba dhahabu Lupa, ana kofia, ana viatu vinavyolia akitembea. Osea Siame hakuwa na cha kulia. Mama zake wadogo walimshikia bango: Amoni, Amoni. Roda akasema, "Nitakwenda kugusa." Akaenda kwa Amoni akaomba kuonyeshwa jembe. Mpini wake ulikuwa bado na magome ya mti. Akaenda kwa Osea, akashika mpini: laini kama sahani, na mahali pa mikono pameliwa pamekuwa pembamba. Akarudi nyumbani akasema, "Nimeolewa."

"Na viatu vile?" mama mdogo akalia.

"Vilie vyenyewe."

Akaolewa na Osea, pale pale Ipata, nyumba nne kutoka kwa Aida.

Sasa mwaka wa 1931, mwezi wa tano. Ulezi ulikuwa umebeba kuliko mwaka wowote tangu njaa ile. Masuke yamekunjika kama ngumi, bado yana ukijani, yanataka majuma mawili hivi. Wanawake walikuwa shambani wakifukuza ndege. Upande wa kaskazini, kule ardhi inakoshuka kwenda bonde la Rukwa, kulikuwa na kitu kama moshi.

Aida ndiye aliyeuona kwanza. Akaweka mikono kiunoni. "Haya, Roda! Moshi ule. Tuwashe?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema ni watu wa Ivuna wanachemsha chumvi. Mwingine akasema ni nyasi za bondeni zinachomwa. Roda alitazama, akaendelea kurusha udongo kwa ndege, akatazama tena. Halafu akaweka chini kombeo lake, akatembea mpaka nyumbani kwa baba yake, akapanda kichuguuni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Yonasi alikuwa akisuka tenga kivulini. Alimwona, akaendelea kusuka.

Roda aliutafuta mguu. Alianza chini, kwenye mstari wa ardhi, akapandisha macho taratibu kama baba yake alivyomfundisha njiani siku ile. Akakuta mti, akakuta kilima, akakuta mwanga mtupu wa anga, na juu ya ule mwanga ndipo lilipoanza lile jambo. Halikugusa chini popote. Akachomeka kijiti mbele yake ili alipime. Moshi husafiri kichwa, mguu unabaki mahali pake. Hili lilisafiri lote. Lilipita kijiti kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa muda wa kuchoma hindi moja.

Akashuka.

"Baba, siyo moshi."

"Ni nini?"

"Sijui. Halina mguu."

Yonasi aliacha tenga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. "Kwenda kuligusa ni siku mbili," akasema. "Na wewe unasema linakuja."

"Linakuja."

Hapo ndipo alipokuwa, shangazi yangu, akiwa na miaka kumi na tisa na mimba ya kwanza. Kama ni kitu kibaya naye akanyamaza, watu watalia. Akisema, watu wakashtuka wakakata ulezi mbichi, na kitu chenyewe kikapita zake kama wingu la kawaida, ulezi mbichi utaharibika na njaa ya pili itatoka katika kinywa kile kile. Tena hapakuwa na majivu ya kwenda kuyashika. Palikuwa na macho yake tu, macho yale yale.

Alichofanya ndicho ninachojivunia. Alikwenda kwa Mzee Mbonile, mtu ambaye hakuwa amemsemesha neno jema tangu 1924. Akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuniambia moshi?"

"Sikuja kukuambia moshi. Nimekuja kukuambia ninachokiona. Jina utalitia wewe."

Mzee alikuwa na ugoro kwenye kiganja. "Sema."

"Kiko kaskazini. Juu ni cheusi, chini ni chekundu kama kutu. Kinasogea chote kwa pamoja. Hakina mguu."

"Rudia hilo la mwisho."

"Hakina mguu, baba."

Mzee Mbonile aliumwaga ugoro wote chini bila kuunusa. Alisimama, akatoka nje, akaweka kiganja juu ya macho.

"Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi," akasema, "kabla ya tauni iliyomaliza ng'ombe. Mama yangu alinionyesha wingu, akasema, tazama mwanangu, linatembea na halina miguu. Jioni yake tulikuwa tunakula mizizi." Akamgeukia. "Hao ni nzige, Roda. Una hakika na ulichokiona?"

"Hakika ya jina sina. Hakika ya mguu ninayo."

"Na tukikata mbichi wasipokuja?"

"Basi njaa itakuwa ya kinywa changu mara ya pili, na nitakaa hapa hapa niione. Sikimbii."

Mzee akalipiga baragumu la pembe mwenyewe.

Ulezi una fadhila moja ambayo mahindi hayana: suke lake likikatwa likiwa limeanza kukomaa, ukalirundika na kulifunika majani, linatoa joto lake lenyewe na kumalizia kuiva ndani. Haliwi zuri kama la shambani, na sehemu huoza, lakini linalika, na kiasi chake kikipandwa kinaota. Kila mwanamke wa Ipata alilijua hilo. Kilichokuwa kigumu ni kuamini kwamba imelazimu.

Walitoka na visu vidogo, wakubwa kwa wadogo. Aida peke yake alisimama katikati ya shamba lake, mikono imekunjwa.

"Mimi nilishazika kwa ajili ya macho yake," akasema mbele ya wote. "Sikati."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Roda aliacha mstari wake, akaingia shambani kwa Aida na kisu, akaanza kukata.

"Ukigusa suke jingine, Roda, nakukata mkono!"

"Kata wa kushoto," Roda akasema bila kuinuka. "Wa kulia una kazi."

Kuna aliyecheka, na inasemekana ni Aida mwenyewe, kicheko cha hasira kilichomponyoka. Alisimama kidogo zaidi. Halafu akachukua kisu. Lakini alikuwa Aida: alikata nusu ya shamba, ile iliyo upande wa nyumba, na nusu nyingine akaiacha imesimama, akasema, "Hii ni ya kukusuta kesho."

Walikata mpaka giza, wakaanza tena alfajiri. Saa tano jua likafifia. Kwanza walikuja korongo, ndege wale wakubwa weupe, wakizunguka juu. Kisha sauti kama mvua inayotembea kwenye majani makavu. Kisha hapakuwa na anga. Wale ambao hawajaona hunidhania natia chumvi. Sitii chumvi, baba yangu alikuwepo akiwa na miaka kumi na miwili, na alisema matawi ya miti yalivunjika kwa uzito wao. Watu walipiga madebe, wakachoma majani mabichi, walifanya yote. Nzige walikaa siku moja na nusu. Walipoinuka, mahindi ya bondeni yalikuwa yamebaki vijiti, na nusu ya shamba la Aida ilikuwa imefagiliwa kama ua wa nyumba.

Ndani ya vihenge, chini ya majani, ulezi wa Ipata ulikuwa unatoa joto. Mwaka ule watu wa vitongoji vya jirani walikuja kwetu kuomba, na hakuna mtu wa Ipata aliyezikwa kwa njaa.

Siku ya tatu Aida alikwenda kwa Roda amebeba bakuli la karanga, kitu alichokuwa hampi mtu. Akaliweka chini.

"Ile nusu," akasema, "niliilisha nzige kwa ukaidi wangu."

"Nusu nyingine utaila wewe, umeikata kwa mkono wako."

"Ulinitisha. Ulisema nikate wa kushoto."

"Ningelia sana kama ungeukata," Roda akasema.

Wakala karanga. Hawakuzungumzia 1924, wala mtoto, wala mama Ketrina; mambo mengine watu huyaweka katikati kama moto na kuyaota tu. Lakini tangu siku hiyo Aida ndiye aliyekuwa akiuliza kuliko wote. Mtu akija na uvumi, ugonjwa fulani, mzungu fulani, Aida aliweka mikono kiunoni: "Mguu uko wapi?" Ni mdomo wake uliolitembeza neno hilo mpaka Tunduma na ng'ambo.

Mzee Mbonile alimrudisha Roda kichuguuni kwa tangazo. Akasema, "Kazi ya moto ni ya nyumba ya Simbeye, na nyumba hiyo ina mtu." Akaifanya miaka ishirini na saba, na haikuchomwa Ipata hata mara moja kabla ya siku yake. Hofu yake ilikwisha? Nilimuuliza. Alisema haikwisha, aliipa kazi. "Mwoga ni mlinzi mzuri," akasema, "mradi umwambie alinde nini." Maafisa wa kilimo walipokuja kusema tuache kukata miti, tupande kahawa kama watu wa Mbozi, wengine waliwafukuza kwa maneno na wengine wakawaamini papo hapo. Yeye alikwenda kwa miguu hadi Itaka, akaingiza mkono chini ya mikahawa ya watu, akanusa udongo, akarudi na kusema, "Inawezekana kwa wenye mto karibu. Fanueli, wewe panda. Wa huku juu wasubiri." Ndivyo ilivyokuwa, na kahawa ya baba yangu ndiyo iliyonisomesha darasa nne kwenye shule ya misheni, ambazo ndizo ninazoandikia sasa.

Nafika mwisho wake, mwaka wa 1958, mwezi wa kumi. Macho ya shangazi yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu mweupe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja na mtoto wangu mgongoni kumsalimu, na sikujua kwamba nimeitiwa jambo.

"Nambeye."

"Abee, shangazi."

"Panda kichuguuni."

Nilipanda. Alipanda nyuma yangu, akishika nyasi, akakataa mkono wangu. Chini yetu wanaume walikuwa wamekaa na vishada vya nyasi kavu, na wanawake, na Aida katikati yao, mzee sasa, ana fimbo.

"Unaona nini?"

"Naona moshi, shangazi. Upande wa Kalongo."

Wanaume walikuwa wameshauona nao. Mmoja akasimama: "Ndio huo! Tuwashe, jua linakwenda!" Shangazi hakumsikiliza.

"Anza chini," akaniambia. "Pandisha macho pole pole."

Nilianza chini. Niliona mashamba, niliona mgongo wa kilima cha mbele, na moshi ukitokea nyuma ya ule mgongo. Ungeweza kuwa juu ya Kalongo. Ungeweza pia usiwe. Nilihisi watu wote wananitazama miguuni, na nikatamani sana kusema ndiyo, ili watulie wanipende.

"Mguu siuoni," nikamnong'oneza.

"Kwa nini unaniambia mimi? Waambie wao."

Niliwageukia. "Moshi nauona!" nikapiga kelele. "Mguu siuoni!"

Manung'uniko yakapita kama upepo. Yule mwanaume akasema kwa sauti, "Basi hata huyu naye ni Nambeye tu." Na Aida akamgeukia na fimbo: "Kaa chini, baba. Kwani kuni zako zinakimbia?" Akakaa. Hakuna aliyewasha.

Shangazi alifungua kanga mgongoni mwangu, akamchukua mtoto akamweka kwake. Akanipa kibuyu cha maji na kitambaa kisafi chenye fundo.

"Nenda mpaka mguuni pake," akasema. "Ni siku moja kwenda. Uguse majivu, ufunge kiganja kimoja humu, na uangalie aliyewasha moto ni nani. Ukirudi usiniletee mimi, mimi sitaona rangi yake. Wape hao wote pale chini, uwaambie ulichokigusa, usizidishe. Mtoto nitakaa naye. Na kila mwaka kuanzia huu, kichuguu hiki ni chako. Haya, shuka, usipoteze jua."